Chumba Kisichohesabiwa

Niliijua nyumba ya Rispah miaka mingi kabla sijaingia ndani yake. Aliponipokea uwanja wa ndege mwaka huu, mimi na goti langu bovu na sanduku la dagaa ambalo maafisa walilifungua wakalifunga upesi, tulipita katikati ya mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, marefu, matupu, pasipo mtu wala mbuzi. Tulipofika penye kituo cha mafuta kilichofungwa nikamwambia, "Hapa kushoto." Rispah hakunitazama, akakata kushoto. Mbele kidogo nikasema, "Kanisa la matofali, kisha kulia," naye akasema, "Najua, Zuhura. Mimi ndiye nakaa huku." Hakuwa amekasirika. Alijua ni nani aliyenifundisha ile njia, maana mimi nilikuwa sijawahi kukanyaga Ohio maishani mwangu. Tangu hapo mwaka wetu wa Riyadh ukanirudia wote, na naona afadhali niuandike, kwa kuwa Rispah mwenyewe hausimulii, na wale waliousimulia bwenini walisema uongo mtupu.

Tulikuwa wauguzi katika hospitali moja ya Riyadh, mimi wa Tanga, yeye wa Nyandarua, tumewekwa chumba kimoja katika bweni la wanawake nyuma ya majengo marefu ya Olaya. Chumba kilikuwa na vitanda viwili, kabati moja lenye mlango mmoja uliokataa kufunga, na kiyoyozi kilichokoroma kuliko mgonjwa wa pumu. Kupika kulikatazwa. Tulipika. Rispah alisonga ugali ndani ya sufuria ya umeme ya wali, taulo lililoloweshwa limebanwa chini ya mlango ili msimamizi asinuse, na mboga ilikuwa mulukhiya, ule mlenda wa Waarabu, ambao mimi niliufurahia kama niko nyumbani na yeye aliula huku amefumba macho. "Hii ni mboga ama ni kamasi?" aliuliza kila mara. Nami nilimjibu kwamba mtu wa milimani asiyejua mlenda asinifundishe kula. Hivyo ndivyo tulivyopendana, kwa kusimangana. Nilikuwa na ulimi mkali tangu ujana, na sasa nina nywele nyeupe, ulimi ni ule ule.

Mume wake, Daudi, alikuwa Jeddah, dereva wa lori la mboga, anafanya kazi usiku na kulala mchana. Walikuwa wamefunga ndoa Kenya, wakakaa pamoja likizo yake moja, akarudi kwa kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, na Rispah akatafuta mkataba wa Saudia akidhani kuwa nchi moja ni sawa na nyumba moja. Hakujua ukubwa wa nchi ile. Kati ya Riyadh na Jeddah ni jangwa la kutwa nzima kwa basi, na likizo zao zilikutana kwa nadra. Walipokutana walilala hotelini, wakimwonyesha karani cheti cha ndoa kila mara, karani anakikagua juu chini, anamtazama Rispah, anamtazama Daudi, kisha anasema "mafi mushkila", hakuna shida, kana kwamba amewafadhili. Walikuwa mke na mume kwa cheti. Jambo moja tu walilolitaka duniani ni kukaa chini ya paa moja, bila karani.

Kwa hiyo Rispah alipofaulu mtihani wa uuguzi wa Marekani, na wakala akampangia hospitali katika kaunti moja ya Ohio ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuisikia, hakuuliza mshahara kwanza. Aliuliza nyumba. Alikuwa ametoka nchi yenye kaunti, akadhani anazijua. "Kaunti ni kaunti," aliniambia. "Unaangalia barabara, maji, hospitali, na gavana kama anaiba." Akaanza kuipima kaunti ile kwenye simu yake, nasi tukaipima kwa namna pekee tuliyoijua. Wodini, zamu ikiisha, muuguzi anayeondoka anamkabidhi anayeingia wagonjwa mmoja mmoja, kitanda kwa kitanda: umri, malalamiko, kilichofanyika, kinachongojewa. Rispah alizikabidhi nyumba hivyo hivyo. Jioni, kabla Daudi hajaingia zamu yake, simu ililazwa ndani ya bakuli tupu ili sauti ikuzwe, na Rispah akaanza, "Mgonjwa wa leo ni mama mzee."

"Umri?" nilimwuliza.

"Amemzidi nyanya yangu."

"Malalamiko?"

"Miguu inavimba. Basement inaingiza maji."

"Huyo mpe rufaa," Daudi alisema ndani ya bakuli, tukacheka mpaka chumba cha pili wakagonga ukuta.

Bei za nyumba za kule zilitushangaza kwa udogo wake, hata tukaona wasiwasi, maana ukiuziwa ng'ombe kwa bei ya kuku uliza ng'ombe ana nini. Rispah aliuliza. Kiwanda cha vipuri kilikuwa kimefungwa, vijana wameondoka, na wazee wamebaki na nyumba kubwa kuliko wao. Akawa anasoma gazeti la kaunti ile kuanzia kwenye tanzia. Mzee wa miaka tisini aliyefariki akizungukwa na wanawe alimfurahisha, kwani mahali watu wanapozeeka pana uzima. Lakini walikuwepo na vijana, wenye picha za kucheka na kofia kichwani, "amefariki ghafla nyumbani kwake", wiki hii huyu, wiki ijayo mwingine. Muuguzi hahitaji kuelezwa zaidi. "Hawa wanajidunga madawa," Rispah alisema, akaweka simu chini. Tulipokwisha kula akasema, "Basi kazi haitaisha." Wenzetu bwenini walitucheka kwamba mchagua jembe si mkulima, apewe Marekani ashukuru, aende. Nami nilijibu kwamba anayeletewa majembe si lazima achukue lenye mpini uliooza.

Daudi yeye alipima kidereva. Kuna zile picha za barabara kwenye simu, unasogeza kidole unakwenda mbele kama uko garini, naye alipoamka mchana alisafiri ndani yake. Akaijua kaunti ile kuliko waliozaliwa huko. "Shemeji Zuhura," aliniambia, "ukitoka hospitali unashika kushoto kwa petrol station, unapita kanisa la matofali, unakata kulia, kilima kidogo. Hapo theluji itakaa, kwa sababu miti inazuia jua. Hapo Rispah asiendeshe. Nitamwendesha mimi." Alinifanya niirudie njia ile, nikikosea ananirudisha hospitali nianze upya. Nyumba waliyoipenda ilikuwa mwisho wa barabara hiyo, nyeupe, ya mbao, na barazani viti viwili vikitazama barabara. Rispah alivipenda viti. Alisema watu wanaokaa barazani huulizana hali. Nyumba ile haikununuliwa. Mwezi baada ya mwezi tuliikuta sokoni, bei imeshushwa, na mimi nikawaambia wazi: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Ndipo Rispah akamwandikia dalali wa nyumba ile, mama mmoja wa huko huko, amweleze ina ugonjwa gani. Yule mama alijibu kwa uungwana. Nyumba haina ila, alisema, watu ndio hawapo. Ila kulikuwa na kosa moja katika tangazo: waliandika vyumba vitatu vya kulala, kumbe ni viwili, kwa maana cha tatu kiko chini, kwenye basement, na hakihesabiwi. Kwa sheria ya kule chumba cha kulala sharti kiwe na dirisha ambalo mtu mzima anaweza kutokea, na mtu wa zimamoto mwenye mtungi mgongoni anaweza kuingilia. Dirisha la chumba kile lilikuwa jembamba kama la choo. Rispah alisikitika sana, kwani hicho ndicho alichomchagulia Daudi, chenye giza na ubaridi, kwa mtu aliyezoea kulala mchana.

"Ati hakihesabiwi?" Daudi alisema jioni ile. "Ngoja kwanza. Chumba bila dirisha si chumba?"

"Ndivyo sheria inasema."

"Sasa mimi nimekuwa nikilala wapi miaka hii yote? Kumbe sijalala. Kumbe niko macho!" Alicheka peke yake, kicheko kirefu, sisi tukingoja. Kisha sauti yake ikatulia. "Hiyo nyumba chukua, Rispah. Watu wanaofikiria vile mtu atatoka, hao ni watu wa kukaa nao. Dirisha nitalipasua mimi mwenyewe."

Mwaka ule nilikwenda Jeddah mara moja, nikimsindikiza Rispah, mimi nikiwa na nia ya umra. Daudi alitungoja kituoni, mrefu, mabega mapana yaliyolijaza shati lililopigwa pasi, na kabla basi halijasimama vizuri alikuwa ameshaona mizigo yetu. Kwake hapakuwa mbali, nyuma tu ya kituo, ndani ya mtaa wa Kandara, na njiani alitueleza kwa fahari. "Kafili alinipa room ya bure kule Karantina, uani mwa godown yake. Lakini Karantina na basi ni mbali. Hapa Rispah akishuka, ni kutembea tu, hata taxi hahitaji." Rispah aliangalia chini akitabasamu. Nyumba yenyewe ilikuwa ya zamani, zamani ya familia moja, sasa imekatwakatwa kwa mbao nyembamba ikawa vyumba vya wanaume. Chini ya ngazi palikuwa na lango la chuma, na ufunguo alikuwa nao mtu mmoja anayewapangisha, naye alilifunga kila alipotoka, kwa sababu ndani walikuwemo wasio na ikama, kile kibali cha kukaa, na aliogopa wakaguzi. Otieno, aliyeishi chumba kimoja na Daudi, alitupikia chai ya maziwa ya kopo, akatuwekea ful, yale maharage ya Waarabu, na mkate wa tamis na kachumbari iliyokatwa kwa upendo mwingi na kisu kibovu, kisha akasema ana shughuli nje. Hakuwa na shughuli yoyote. Alikuwa mtu wa adabu.

Chumba kilikuwa na dirisha zamani. Ungeweza kuliona umbo lake ukutani, limezibwa kwa matofali, na katikati ya matofali wamechomeka kiyoyozi, waya wake umeungwa na waya mwingine, na huo na mwingine, mpaka kwenye jiko la umeme. Rispah alipapasa yale matofali. "Daudi, hiki hakihesabiwi," alisema, tukacheka wote watatu. Kisha akaacha kucheka. "Hama."

"Nihame niende wapi, na viza iko njiani? Mtu hahami mara mbili."

"Karantina."

"Na wewe ukishuka hapa nani atakupokea?" Alimmegea mkate. "Kwani naishi hapa? Hapa napita tu."

Neno hilo tulilisema sote. Kule hakuna aliyekuwa akiishi. Niliwajua wanawake waliokuwa wakipita kwa miaka ishirini, hawakuwahi kununua pazia, kwa sababu pazia ni la mtu anayekaa. Tungeweza kukueleza bomba la nyumba moja ya Ohio lilibadilishwa lini, na paa lake lina umri gani, na jirani wa kulia ana mbwa, na shimo la moshi limezibuliwa au la. Mahali tulipoweka vichwa vyetu kila siku hatukupapima, maana hapakuwa petu. Sioni kwamba tulikuwa wajinga. Naona ndivyo mtu anavyofanywa akikaa muda mrefu mahali anapoambiwa kila mwaka kwamba ataondoka. Lakini nikiuwaza ule mkate na yale matofali, nachukia, na sijui nimchukie nani.

Viza zao zilitoka zote mbili, na wiki hiyo Rispah alitembea wodini kama mtu aliyevuliwa viatu vinavyobana. Ilikuwa asubuhi, tunagawa dawa, Otieno akanipigia mimi. "Shemeji Zuhura, uko na yeye?" Nilimwona upande wa pili wa wodi, amemwinulia bibi mmoja mto, wanacheka kwa Kiarabu kibovu. Nikasema niko naye. Otieno alikuwa ametoka mapema kununua tamis, akalikuta lango bado wazi. Aliporudi lilikuwa limefungwa, mwenye ufunguo hayupo, na moshi unatoka kwenye mlango wa juu. Moto ulianzia kwenye zile nyaya. Wanaume wa zamu ya usiku walikuwa wamelala. Watu wa mtaani walileta nondo, wakalipiga lango, na waliokuwa ndani walisikika, aliniambia, walisikika kwa muda, halafu halas, basi. Alilirudia neno lile, halas, halas, nami nikakata simu kwa sababu Rispah alikuwa amesimama mbele yangu.

Nilimwambia ndani ya chumba cha mashuka. Hakupiga kelele. Aliuliza, "Lango lilikuwa limefungwa?" Nikasema ndiyo. Alishika rafu kwa mikono miwili akakaa hivyo, kisha akajifuta uso kwa shuka jipya, akatoka, akamwita mwenzetu aje ampokee. Na akakabidhi zamu. Nilijaribu kumzuia akaniondoa mkono. Kitanda kwa kitanda, huyu sukari yake ilipanda, huyu ameshapata sindano, huyu anangojea daktari, hakukosea jina wala dawa, machozi yakimtiririka mpaka shingoni. Alipofika kitanda cha mwisho alisema, "Na mimi mume wangu amekufa. Naondoka." Yule muuguzi akalia. Rispah akampa kalamu yake.

Kafili wa Daudi alikuja hospitalini Jeddah kutia sahihi ili mwili utolewe. Alikuwa mzee mnyonge mwenye fimbo, na nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nikanyimwa hata hilo, kwa maana alikuwa analia. Kiarabu changu kilitosha kumwelewa. "Nilimpa chumba Karantina," alisema, "chenye madirisha mawili. Lesh alikataa? Mwulize mkewe, lesh, kwa nini?" Nikageuka nimtafsirie Rispah, nikakuta ameshaelewa. "Mwambie ni kwa sababu ya basi," alisema. Nikamwambia. Mzee alinitazama akingoja niendelee, kisha akainamia karatasi akatia sahihi.

Rispah alimsindikiza Daudi Kenya, akamzika, na baada ya miezi michache akapanda ndege kwenda Ohio. Hapo ndipo wanawake wa bweni walipofungua vinywa. Udongo haujakauka, walisema, mtu anakimbilia dola. Mwanamke mwenye uchungu hawezi kukumbuka viza. Niliwasikia jikoni, kule kulikoruhusiwa kuchemsha maji tu, nikaingia nikawatukana mpaka msimamizi akaja. Sikuwaeleza aliyoniambia Rispah alipopiga simu kutoka Nyandarua, kwa sababu hawakustahili. Nilikuwa nimemwuliza kama ana uhakika. "Zuhura," alisema, "Jeddah tulikuwa hotelini. Kenya tulikuwa kwa mama yake. Mahali pekee Daudi na mimi tumewahi kukaa ni ile nyumba."

Ilikuwa bado inauzwa alipofika. Alipanga kwanza, kisha akainunua, na methali yangu nikaimeza.

Sasa, mwaka huu, niliingia mlangoni nikajua swichi iko wapi. Niliijua droo ya jikoni isiyofunguka yote, nikaijua ngazi inayolia. Viti viwili viko barazani, kimoja kimechakaa na kingine bado kizima. Tulikula ugali, dagaa wangu, na mboga aliyoifungulia kopo akinitazama nione: mulukhiya, ameinunua duka la Waarabu mji wa pili. Aliila akiwa amefumba macho. Nikamwuliza habari za jirani mwenye mbwa, akasema alikufa, ghafla, nyumbani kwake. Hatukumtaja Daudi mpaka tulipomaliza kuosha vyombo, akachukua sanduku langu akashuka nalo chini.

Chumba cha chini kilikuwa na kitanda kitupu, mashuka yamekunjwa juu ya kiti, na ukuta mmoja karibu wote ulikuwa dirisha. Nje yake wamechimba shimo lililojengwa kwa mawe, lenye vipago vya chuma vya kupandia hadi kwenye majani. Rispah alisema fundi alitaka kukata dirisha la kipimo cha sheria, naye akamwambia apanue. Fundi akauliza kwa ajili ya nini. Akamwonyesha kwa mikono, upana wa mabega.

"Sasa kinahesabiwa," nilisema.

"Kinahesabiwa." Alilifungua dirisha, baridi ikaingia. "Hakuna mgeni analala hapa kabla sijamwona akitoka. Panda."

"Rispah, na goti hili?"

"Goti hilo hilo. Panda, mama."

Nilitaka kumtania, nikamwona uso wake, nikaweka mguu. Nilipenya bila kugusa pembeni, nikashika kipago cha kwanza, cha pili, goti likaniuma mpaka nikamwita Mungu kwa sauti, na nikatokea kwenye majani makavu chini ya anga lao jeupe, nimepiga magoti kama mtoto anayejifunza kutambaa. Nilipogeuka, Rispah alikuwa amesimama chini, uso ameuinua, mikono yake miwili imeshika kizingiti cha dirisha.

"Umetoka?" aliuliza, ingawa alikuwa ananiona.

"Nimetoka."

"Sema tena."

"Nimetoka, Rispah."

Ndipo akaenda kunitandikia kitanda.